Kilo za watu zamvusha Mama Nusukilo

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla abiria wa kwanza hajafika, Mama Nusukilo anaipima mizani yake.

Anaanza kwa kuifuta kwa kitambaa kikavu, maana vumbi la siku moja tu, anasema, linaweza kumbambikia mtu uzito usio wake. Kisha anaburuta kutoka chini ya meza mfuko wa turubai uliojazwa mchanga na kushonwa mdomo. Mfuko huo una kilo ishirini kamili. Anauweka juu ya bamba, anainama, anautazama mshale mpaka utulie. Ukisoma ishirini, kazi inaanza. Usiposoma ishirini, hakuna anayepanda ndege.

"Simwamini mtu yeyote kabla sijaiamini hii," anasema, akiligonga bamba kwa kisigino. "Hata mume wangu anajua."

Leo hakupaswa kuwa hapa. Yuko likizo tangu jana, na badala ya sare amevaa gauni la kijani lenye lesi shingoni. Lakini hawezi kumwachia mtu mwingine mfuko wa mchanga, na isitoshe leo ana abiria wake maalumu, ambaye tutamfikia.

Kiwanja hiki cha ndege ni kidogo. Jengo lake ni chumba kimoja na nusu chini ya paa la bati, lina mabenchi manne na feni moja inayozunguka kwa hiari yake. Barabara ya kurukia inaanzia kwenye uzio na kuishia karibu kabisa na maji. Ndege yenyewe ina injini moja, inabeba abiria kumi na wawili, na safari yake haibadiliki: kuvuka ghuba hadi kiwanja kingine kidogo, kwenye pwani hiyo hiyo, upande wa pili.

Angani umbali huo ni kilometa tisini, na safari huchukua dakika ishirini na mbili. Kwa barabara ni habari nyingine kabisa. Barabara inalazimika kuizunguka ghuba nzima na kukatiza mito miwili, na zile tisini zinageuka kuwa mia tatu na themanini. Barabara ikiwa na tabia njema, ni saa tisa. Tabia njema hiyo huwa nayo kwa nadra.

Katika ndege ndogo kiasi hiki, kila kilo ina hesabu yake na mahali pake pa kukaa. Ndiyo maana hapa hakuna anayejichagulia kiti. Abiria anapanda kwenye mizani na begi lake mkononi, Mama Nusukilo anasoma, anaandika, kisha anampa kadi ya rangi. Wazito wana upande wao na wepesi wao, na rangi ndiyo inayoonyesha nani akae wapi.

Kilo zenyewe hazitaji. Uso wa mizani unamwelekea yeye peke yake, na ukijaribu kuchungulia ataukinga kwa mwili wake. Zaidi ya hapo, kila Jumatatu hubadilisha maana ya rangi, ili watu wasije wakajua kama wiki hii bluu ni ya wazito au ya wepesi, wakaanza kuchekana kwenye foleni. Mwandishi wa habari hii alipimwa, akapewa kadi ya njano, na mpaka anaandika haya hajui ashukuru au aanze mazoezi.

"Uzito wa mtu ni siri yake na Mungu wake," anasema Mama. "Mimi nimesimama hapo katikati kwa sababu ya kazi tu."

Alianza hapa kama mfagiaji. Wakati huo mpimaji alikuwa mwanamume wa sauti nene aliyezitaja kilo za watu kwa nguvu, mithili ya dalali mnadani, na benchi zima likageuka kumtazama mwenye kilo hizo. Siku moja alimfanyia hivyo msichana aliyekuwa akisafiri na wakwe zake watarajiwa. Msichana alipanda ndege akilia.

"Nilikuwa nimeshika fagio," anakumbuka. "Nikasema moyoni, hii kazi nikiipata mimi, hakuna atakayelia." Yule mwanamume alipostaafu, akaiomba na akapewa. Huu ni mwaka wake wa kumi na nne kwenye mizani.

Upole wake, hata hivyo, unaishia kwenye siri. Kwenye kilo zenyewe hana undugu na mtu, na jina alilopewa linatoka huko huko. Siku moja ndege ilikuwa imejaa hadi kikomo, na muuza simu mmoja akawa amezidisha nusu kilo. Alikuwa na ndizi mkononi. Akakaa pale pale kwenye benchi akazila zote, akatupa maganda, akarudi kwenye mizani kifua mbele. Mshale ukarudi karibu pale pale ulipokuwa.

"Ndizi zimehama," Mama akamwambia. "Hazijashuka."

Jengo zima lilicheka hadi rubani akatoka kuuliza kuna nini. Muuza simu aliacha jozi ya viatu na kusafiri, na tangu hapo jina la Nusukilo likamganda Mama. Mwanzoni walimwita kwa hasira, siku hizi wanamwita hivyo hata wanaomletea zawadi.

Anayeujua ukali wake kuliko wote ni muuza mashuka, mwanamke wa maneno mengi anayevuka ghuba karibu kila wiki. Amejaribu kila ujanja. Amewahi kubana pumzi. Amewahi kusimama kwenye mizani huku kidole kimoja kikiegemea meza, eti anajishikilia asianguke. Amewahi hata kusimama kwa mguu mmoja.

"Akaniambia, weka na mguu wa pili dada, nao unasafiri," anasimulia muuza mashuka, na hapo anatikisa kichwa. "Nilimchukia yule mwanamke. Nilimchukia kwa moyo mmoja kabisa."

Jambo ambalo abiria hawakulijua, wala muuza mashuka, wala hata marubani, ni kwamba kwa miaka yote hiyo Mama Nusukilo hakuwahi kupanda ndege. Alikuwa anaiogopa.

Haikuwa kwa kukosa nafasi. Wafanyakazi wa hapa wanaruhusiwa kusafiri bure kiti kikiwa wazi na uzito ukitosha. Ila kuna kanuni: uzito ukizidi, mfanyakazi ndiye anayeshuka kwanza. Na anayesema uzito umezidi ni nani? Ni yeye mwenyewe. Kila alipoandikisha jina lake, basi siku hiyo angetokea tu abiria wa dakika za mwisho mwenye mzigo, na yeye angemwachia nafasi, na watu wangemsifu kwa ukarimu.

"Sikudanganya kilo hata siku moja," anasema haraka. "Ila kusema kweli, nilikuwa naomba zizidi. Nikimwona mtu anashuka kwenye gari na masanduku mawili, moyo unatulia."

Ndege ilipokuwa ikiruka, alikuwa akigeukia ukuta na kujifanya anapanga kadi mpaka mlio uishe. Kwa abiria waoga alikuwa na maneno yake tayari: "Dakika ishirini na mbili tu, chai hata haijapoa." Aliyasema vizuri kiasi kwamba watu walipanda wakitabasamu. Mwenyewe hayakumsaidia.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeijua siri hiyo, na huyo ni mumewe. Mumewe ni dereva wa lori la saruji, na njia yake ni hiyo hiyo ya kuzunguka ghuba.

"Mimi na mzee wangu tunafanya njia moja," Mama anasema. "Mimi nawavusha watu kwa dakika ishirini na mbili, yeye anavusha saruji kwa saa tisa. Na mimi nikitaka kusafiri, naenda na saruji."

Alisafiri hivyo mara nyingi, kwa sababu binti yao alikuwa akisomea uuguzi kwenye chuo cha upande wa pili. Alikaa kwenye kichwa cha lori, kikapu cha chakula miguuni, akarushwarushwa kutwa nzima. Ndege ilipopita juu yao, mumewe alipiga honi na wote wawili wakatoa mikono madirishani kuipungia. Ilikuwa desturi yao. Binti alikuwa akimpokea mama amejaa vumbi hadi kwenye kope, na hakuelewa kwa nini mtu wa ndege asafiri na lori.

"Nilimwambia ndege imezidiwa," Mama anasema. "Kila mara nilimwambia hivyo."

Katika chuo kile, siku ya kuhitimu, mzazi ndiye anayemvika mwanawe beji ya uuguzi kifuani. Asiye na mzazi ukumbini huvikwa na mwalimu. Binti aliiongelea beji hiyo tangu mwaka wa kwanza. Kaka yake ni baharia na yuko mbali, kwa hiyo ni baba au mama, na baba alishasema vidole vyake vinene vitamchoma mtoto na pini. Mama akaahidi kwamba beji ni yake.

Mpango ulikuwa rahisi. Mume angepeleka saruji, angerudi na lori tupu, angemchukua mke, nao wangefika siku moja kabla ya sherehe. Ndipo mvua zikaanza, na zilipoanza hazikujua kuacha. Simu ya mume iliingia jioni, siku mbili kabla ya sherehe.

"Mama watoto, mimi nimekuwa kisiwa," akasema. "Mbele maji yamekula barabara, nyuma daraja limeondoka. Niko hapa katikati na malori wenzangu, siendi wala sirudi."

"Sasa beji ya mtoto?"

"Beji ya mtoto ina ndege."

"Hiyo hiyo unayoipakia kila siku," mumewe akaongeza. "Panda mke wangu. Mimi nitapiga honi."

Asubuhi ya sherehe mvua ilikuwa imepumzika. Ndege ilikuwa ya saa mbili, na sherehe ilipangwa saa nne. Kwa kuwa barabara ilikatika, jengo lilifurika watu, na waliopata tiketi walikuwa kumi na mmoja. Kiti cha kumi na mbili kilikuwa wazi. Mama Nusukilo alikuja na lile gauni la kijani chini ya koti la kazi, na viatu vya kutokea vyenye soli nene. Akawapima wote kumi na mmoja. Muuza mashuka alikuwemo, na mafurushi yake mawili. Muuza simu naye alikuwemo, na kichane cha ndizi.

Kisha rubani akarudi kutoka kuikagua barabara ya kurukia, suruali imeloa hadi magotini. Kulikuwa na maji yaliyotuama kwenye lami, akasema, na ndege ingehitaji nafasi ndefu zaidi ya kuinuka, hivyo lazima iruke ikiwa nyepesi kuliko kawaida. Walipiga hesabu upya pale mezani. Abiria kumi na mmoja na mizigo yao walitosha, na juu yao haikubaki hata kilo moja.

"Kiti kipo," rubani akamwambia. "Uzito ndio haupo. Pole sana mama."

Mama Nusukilo akajibu kabla rubani hajamaliza kusema pole. "Hakuna shida. Mfanyakazi hushuka kwanza."

Anapofika hapa kwenye simulizi yake anaacha kupanga kadi na kuzilaza mezani. "Nikwambie ukweli? Nilifurahi. Naona aibu mpaka leo, lakini nilifurahi. Moyo uliniambia, umepona."

Akampigia binti simu kutoka kaunta, ambako hakuna siri, maana kaunta na mabenchi vinatazamana kama watu wa meza moja. Akamwambia ndege imezidiwa.

"Mama," binti akasema, "hivi hiyo ndege huzidiwa wewe ukitaka kupanda tu?"

Hakulisema kwa hasira. Alisema basi, asijali, atamwomba mwalimu amvike. Akamuuliza kama baba amekula. Kisha akaaga, kwa sababu walikuwa wanaitwa kujipanga.

"Angenifokea ningejitetea," Mama anasema. "Lakini aliniuliza kuhusu baba yake. Nikajua mwanangu alishajizoesha kunikosa. Furaha yote ikaniishia, nikabaki na uoga wangu mkononi, na haukuwa na faida yoyote."

Alilia pale pale, mbele ya watu aliokuwa akiwalindia siri zao kwa miaka. Muuza mashuka ndiye aliyeinuka kwanza. Mazungumzo yaliyofuata yamesimuliwa kwa mwandishi na watu wanne, na wote wanne wanakubaliana.

"Mtoto anavishwa beji leo?" akauliza.

"Saa nne."

"Baba yake?"

"Yuko kwenye lori, kati ya mito miwili."

"Na wewe una kilo ngapi?"

Katika miaka yote ya Mama kwenye mizani ile, hilo ni swali ambalo hakuna aliyewahi kuliuliza kwa sauti, na aliyeulizwa ni mlinzi wa siri mwenyewe. Mama Nusukilo alifuta uso, akavua koti la kazi, akapanda kwenye bamba na mkoba wake. Karani wa tiketi, mwanamume wa makamo ambaye ni msaidizi wake, akainama kuusoma mshale, akamwinulia macho, akashindwa kutamka. Mama akatamka mwenyewe.

"Themanini na nne. Na atakayecheka namwacha hapa."

Hakuna aliyecheka. Muuza mashuka alikuwa ameshaelekea kwenye mafurushi yake. "Shuka halichachi," akasema, akalivuta la kwanza chini, kisha la pili. "Haya yatanifuata safari ijayo. Pima hayo."

Fundi wa majokofu, aliyekuwa amekaa pembeni, akainuka na kuburuta mashine ya kupozea aliyokuwa akiipeleka kwa mteja. "Jokofu lenyewe limekufa wiki nzima," akasema. "Litavumilia kufa mpaka mchana." Mzee mmoja akaacha sanduku la vigae. Mwanamke mwenye miwani akatoa dumu la mafuta ya kupikia. Muuza simu akaja wa mwisho na kichane chake cha ndizi, akakiweka juu ya meza kwa heshima zote.

"Leo sizili," akasema. "Naziacha."

Hapo ndipo jengo lilipocheka, na Mama mwenyewe akacheka katikati ya machozi.

Ila kazi ni kazi. Kila kilichoshushwa alikipima mwenyewe, kimoja kimoja, akijumlisha. Ikafika themanini na tatu na nusu, na mizigo ikaisha. Zilizobaki zilikuwa dawa za watu na nguo za kubadilisha.

"Mama, nusu kilo tu," karani akamnong'oneza. "Rubani wala hatajua."

"Nusu kilo ni nusu kilo," akajibu, akavua vile viatu vya soli nene na kuviweka kwenye mizani. Vilizidi kidogo hata nusu kilo. Akavisukuma chini ya meza, karibu na mfuko wa mchanga, na kubaki peku.

Kulikuwa na jambo moja zaidi. Karani alimhurumia akataka kumpa kiti cha nyuma kabisa, ajikunyate asione kitu. Mama akakataa. Kilo themanini na nne wiki ile zilikuwa kadi ya bluu, na bluu ilikuwa mbele, kando ya rubani, pale penye kioo kizima. Hivyo ndivyo abiria wote walivyojua bluu ya wiki ile ilikuwa na maana gani, na wenye bluu wengine wawili wakatazama pembeni.

"Wakati wa kuruka alinishika mkono," anakumbuka rubani. "Alinishika sawasawa. Nikamwambia, mama, huo mkono ndio unaoendesha. Akaniachia, akashika kiti, akaanza kuniambia yale maneno yake: dakika ishirini na mbili tu, chai hata haijapoa. Nadhani alikuwa anajiambia yeye."

Alifumba macho mpaka rubani alipomwambia atazame kulia. Akafumbua jicho moja. Chini yao kulikuwa na ile barabara aliyoipita mara zote kwa kurushwarushwa, na safari hii aliiona yote kwa mpigo, imeizunguka ghuba kwa uvivu wake wote. Akaona mto wa kwanza umefura. Akaona kipande kirefu cha lami kilichoinuka juu ya maji, na juu yake malori yamejipanga. La tatu lilikuwa na turubai la bluu lenye kiraka cha njano, kiraka alichokishona yeye kwa mkono wake.

Juu ya turubai kulikuwa na mtu amesimama, amevua shati, analizungusha hewani.

"Nilimwona mdogo kiasi hiki," Mama anasema, akionyesha ncha ya kidole. "Niliachia kiti, nikampungia kwa mikono yote miwili. Rubani akaiinamisha ndege kidogo upande ule. Miaka yote tumeipungia ndege, na mimi nikiamini hakuna aliye ndani anayetuona. Kumbe tunaonekana. Wote tunaonekana."

Uoga, anasema, hakuuona ulipoondoka. Alikuwa bado amegeuza shingo kutazama nyuma aliposikia injini imebadilisha sauti na ndege inainamisha pua. Akamgeukia rubani, roho mkononi.

"Kapteni, mbona tunashuka? Kumetokea nini?"

"Tumefika, mama."

Mwanamke aliyewaambia maelfu ya watu kwamba ni dakika ishirini na mbili tu ndiye pekee ndani ya ndege ambaye hakuziamini. Abiria wenzake walimpigia makofi hata kabla magurudumu hayajagusa ardhi.

Mfanyakazi wa kiwanja cha upande wa pili alimwazima ndala za plastiki, moja nyekundu na moja nyeupe, na muuza mashuka akamtafutia pikipiki na kumwamuru dereva asithubutu kusimama njiani. Mama aliingia ukumbini wahitimu wakiwa wameshaanza kuitwa. Binti yake alikuwa wa nne kutoka mbele, na mwalimu ameshashika beji.

"Niliona gauni la kijani kwanza," anasema binti, ambaye sasa ni muuguzi katika kituo cha afya cha upande ule. "Halafu nikaona ndala. Nikajua huyo ni mama yangu na kuna jambo limetokea."

Mwalimu akaikabidhi beji bila kuulizwa. Binti akanong'ona, "Umekujaje?"

"Kwa kilo za watu," Mama akamjibu, akaichomeka pini mahali pake bila kumchoma.

Mizigo yote iliyoachwa ilivuka siku hiyo hiyo, lami ilipokauka. Hakuna kilichopotea isipokuwa ndizi, na juu ya ndizi karani wa tiketi hana la kusema. Jokofu lilipona. Muuza mashuka, kwa upande wake, anataka wasomaji wasielewe vibaya.

"Msidhani amebadilika," anasema. "Wiki iliyofuata alinizuia kwa kilo moja. Kilo moja, baada ya yote yale. Nikamwambia una roho ya chuma. Akaniambia, na mguu wa pili dada." Anajaribu kununa na anashindwa. Siku hizi wawili hao hunywa chai pamoja kila muuza mashuka anaposubiri ndege.

Kilichobadilika ni kwamba Mama Nusukilo haugeukii tena ukuta ndege inaporuka. Anatoka hadi mlangoni, anaitazama mpaka iwe nukta. Amevuka mara kadhaa tangu siku ile. Akistaafu, anasema, anataka kuvuka kila mwezi kama abiria wa kawaida, apimwe na mtu mwingine, apewe kadi, na asijue rangi yake ina maana gani.

Lakini kwanza kuna hili la leo. Binti amepanga nyumba ya vyumba viwili karibu na kituo chake cha afya, na amewaalika wazazi wote wawili waje kula chakula kwenye meza aliyoinunua mwenyewe. Mama akakata shauri kwamba watakwenda kwa ndege. Hapo ndipo ilipogundulika kwamba katika nyumba ile mwenye kuogopa ndege hakuwa mmoja.

"Lori litabaki na nani?" mume alikuwa akiuliza wiki nzima. Mara tairi linahitaji kutazamwa. Mara magoti yanamsumbua. Mkewe alimsikiliza akitabasamu, kwa sababu visingizio anavijua vyote, na vingine alivitumia yeye.

Saa moja na nusu mume anaingia, amevaa shati lililopigwa pasi hadi linasimama. Karani ndiye mpimaji wa leo, lakini Mama yuko pale pale nyuma yake. Mume anapanda kwenye bamba. Kidole chake kimoja kinatafuta ukingo wa meza.

"Ondoa kidole, mzee," mkewe anamwambia.

Anakiondoa. Anawatazama abiria wenzake kwenye mabenchi, anayahesabu masanduku yao kwa macho, na uso wake unapata matumaini kidogo. "Hivi leo ndege haijazidiwa?" anauliza.

"Haijazidiwa," anasema mkewe, na kumkabidhi kadi.

Mwandishi alikaa nyuma yao, kadi yake ya njano mfukoni. Ndege iliinuka juu ya maji na kuifuata ile barabara kwa muda, kabla ya kuikata ghuba. Daraja lilikuwa limejengwa upya, na malori yalikuwa yakipita juu yake moja moja, polepole, na mizigo yake. Mume alikuwa amefumba macho, mikono yote miwili imeng'ang'ania magoti.

Mkewe alimgusa bega. "Fumbua macho, baba watoto. Wapungie wenzako. Wao hawajui kama tunawaona."

Alifumbua jicho moja, kisha la pili. Akatazama chini kwa muda mrefu, halafu akainua mkono wake mnene taratibu hadi kwenye kioo, akawapungia.